Uaminifu Usio na Hisabu

Katika miji yetu ya pwani sifa kubwa apewayo mtu baada ya kufa ni kwamba alikuwa mwaminifu. Neno hili twalisema juu ya kila mwenye duka, kila fundi charahani, kila mama aliyewekewa na wenziwe fedha za upatu, au za chama kama wasemavyo watu wa leo, nasi twalisema bila ya kuuliza hisabu zake zilikuwaje. Leo twataka kuuliza swali ambalo huenda likawaudhi baadhi ya watu. Je, mtu asiyejua hisabu, na fedha za watu zi mkononi mwake, aweza kuitwa mwaminifu?

Swali hili hatukulizua barazani. Lilitujia katika darasa la watu wazima tulilolifungua mwaka jana katika chumba cha madrasa, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Chumba kile hutumiwa na watoto asubuhi, kisha hufungwa kwa kufuli mpaka kesho yake, nasi tuliona huo ni ubadhirifu. Tukatangaza kwamba wanawake watasoma baina ya Alasiri na Magharibi, na wanaume baada ya Isha. Nayo masomo yatakuwa ni kusoma na kuandika, hisabu za biashara ndogo, na mambo ya afya ya nyumbani. Wanawake walikuja ishirini na watatu. Wanaume walikuja wanne, na juma la pili wakawa wawili, na mmoja katika hao wawili alikuwa akimngoja mwenziwe tu waende zao kunywa kahawa.

Siku ya kwanza tulikosea. Tulisimama tukahutubu saa nzima juu ya fadhila za biashara, na wale kina mama, ambao wengi wao wamekuwa wakiuza na kununua tangu sisi hatujazaliwa, walitusikiliza kwa adabu. Siku ya pili tukawaomba kila mmoja aje na hisabu zake vile vile zilivyo. Mmoja alikuja na kalenda ya ukutani iliyojaa alama za mkaa. Mmoja alikuja na daftari ya mtoto. Waliobaki walisema kwamba hisabu zao zi kichwani.

Katika hao alikuwamo mama mmoja auzaye mahamri. Mtaji wake aliukopa kwa chama cha wanawake kumi, na kila mmoja wa wale kumi alikuwa ametia fedha alizojinyima. Alituambia kwamba hununua unga, sukari, nazi, iliki, hamira na mafuta kwa shilingi 480, akapika mahamri sitini, akauza kila moja shilingi 10. Kwa hisabu yake, basi, apata shilingi 600, na faida yake ni 120 kila siku. Tukamuuliza, na makaa? Akasema makaa ya shilingi 100 hununuliwa kwa fedha za nyumba. Tukamuuliza, na wanao hunywa chai na nini? Akacheka, akasema wanawe hula mahamri manane kabla ya kwenda shule. Tukaziandika hesabu ubaoni mbele yake. Yanayouzwa ni hamsini na mbili, nayo yaleta shilingi 520. Gharama ni 580. Mama yule hakuwa na faida ya 120. Alikuwa na hasara ya 60 kila siku, na kwa mwezi ni shilingi 1,800, na hizo zilikuwa zikitoka katika mtaji wa wenziwe kumi.

Hakusema neno. Alijifunika uso kwa mtandio wake, nasi tulijuta kwa kumfanyia hisabu ile hadharani.

Sasa, wasomaji wetu, tumhukumu vipi? Hakuiba. Lau mtu angemwambia kwamba yeye ala amana za watu, angeapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hajala hata senti, na kiapo chake kingekuwa cha mtu msema kweli. Hata hivyo fedha zilikuwa zikipungua, na wale kumi walikuwa wakidhulumiwa, na dhulma haikupungua uzito kwa kuwa aliyeitenda hakuijua. Mwenye kudhulumiwa haulizi nia. Yeye aona mkono wake mtupu.

Jambo hili tuliliona tena katika somo la afya. Muuguzi mmoja alikuja kutufundisha maji ya kumpa mtoto aliyeshikwa na tumbo la kuhara: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi, vyote viwe sawa na ukingo wala visirundikwe. Kina mama wakasema kwamba wao huzidisha sukari ili mtoto apate nguvu. Muuguzi akawaambia kwamba sukari ikizidi huzidisha kuhara, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Hakuna mama aliyezidisha sukari kwa chuki, ni mapenzi tu. Lakini mwili wa mtoto hauyajui mapenzi yaliyomo kijikoni, waijua sukari na chumvi. Ndivyo ilivyo na mali za watu.

Mtu huweza kutujibu kwamba Mwenyezi Mungu huhukumu kwa nia, na asiyejua ana udhuru. Nasi twakubali kwamba asiyejua, na hana njia ya kujua, ana udhuru. Lakini asiyejua na darasa li mlango wa tatu kutoka kwake, na ada hakuna, na mwalimu amngoja, huyo udhuru wake watoka wapi? Kutojua kwa mtu wa namna hiyo ni jambo alilolichagua. Tena twaomba wasomaji waitazame aya ya 282 ya Suratul Baqara. Hiyo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo haikuja kueleza pepo wala moto; imekuja kueleza namna ya kuandika deni: kwamba liandikwe likiwa dogo au kubwa, kwamba mwandishi asikatae kuandika, kwamba wawepo mashahidi. Wala hawakuambiwa kwamba wakiwa waaminifu basi wasiandike.

Wako wasemao kwamba kuhisabu huondoa baraka. Twawauliza, je, zaka hutolewaje? Fungu moja katika arubaini halijulikani ila kwa kuhisabu zile arubaini. Na mirathi, ambayo ni nusu na robo na thumuni, na theluthi na sudusi, hugawanywaje na mtu anayeogopa hisabu? Neno hili la baraka twalisikia zaidi kwa wenye deni kuliko kwa wenye kudai.

Na wako wasemao kwamba wazee wetu walisafiri kwa majahazi mpaka Oman na Bara Hindi, wakafanya biashara kubwa, wala hawakwenda darasa la watu wazima. Maneno haya hupendeza masikioni. Lakini wazee wale walikaa dukani kwa baba zao tangu utotoni, wakafunzwa kupima kwa kibaba na pishi, wakaandika barua na hisabu zao kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Hilo lilikuwa ndilo darasa lao. Sisi tumeliacha lao, na jipya twaliona aibu.

Na aibu hii ndiyo ugonjwa wenyewe. Masomo haya katika Kenya huitwa ngumbaru, na neno lenyewe husemwa kwa kicheko. Mwanamume wa miaka hamsini yu tayari kutia kidole gumba katika karatasi asiyoisoma, mbele ya karani aliye sawa na mwanawe, wala haoni haya. Lakini kuonekana ameshika kalamu darasani ni haya kubwa. Mwaka 2004, huko Eldoret, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza la shule ya msingi akiwa na miaka 84, akavaa nguo za shule na soksi ndefu, akakaa pamoja na watoto. Mwaka uliofuata alikwenda New York kuwaeleza wakubwa wa dunia haja ya elimu. Hakuwa Mwislamu, na moja katika haja zake ilikuwa kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe ili ajue kama yanayohubiriwa ndiyo yaliyomo. Twamtaja kwa makusudi, tuone haya kidogo. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza watu wetu waitafute elimu. Nao wengi wanaomsifu jukwaani leo hawajapata kufungua hata mlango wa chumba kimoja.

Hasara ya kutosoma siku hizi ni kubwa kuliko zamani. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 simu imekuwa mkoba wa fedha, na baadaye ikawa pia mkopeshaji. Mama mmoja darasani alitwambia kwamba hajapata kula wala kulisha riba maishani mwake, kisha akatuonyesha katika simu mkopo wake. Tuseme mtu akopa shilingi 2,000 kwa siku thelathini, na "ada" ni saba na nusu kwa mia. Hiyo ni shilingi 150, nayo yaonekana ndogo. Akilipa ada kila mwezi na kuuendeleza mkopo, kwa mwaka atatoa 1,800, na zile 2,000 bado adaiwa. Mama yule hakusema uongo. Yeye alisoma neno "ada" tu, akadhani ni kama nauli.

Hapa twalazimika kueleza jambo ambalo tungependa kulinyamazia. Katika somo la kumi na moja, bibi mmoja mzee, aliyekuwa hata jina lake hajui kuliandika siku ya kwanza, aliinua mkono akasema, "Maalim, mwanangu, sisi daftari zetu mmeziona. Yenu iko wapi?" Akaeleza kwamba miaka miwili nyuma alitoa shilingi 500 katika mchango wetu wa kutengeneza paa la madrasa, na paa lingali lavuja upande wa kibla.

Hatukuwa na daftari. Tulikuwa na bahasha, na karatasi za risiti chache, na ukumbusho wa watu sita. Tulikaa usiku tatu tukikusanya, na mwisho wake shilingi 11,400 hatukujua zilikwenda wapi. Hakuna katika sisi tunayemdhania kuiba. Ndipo yakazuka maneno makali baina yetu. Mmoja alisema kwamba mwenye kuwekewa amana hana dhamana ikiwa hakufanya hiana, na hilo ni kweli katika sharia. Wengine tukasema kwamba hana dhamana maadamu hakufanya taksiri, na kutoandika fedha za watu, kwa mtu ajuaye kuandika, ni taksiri iliyo wazi. Yule mama wa mahamri alikuwa na udhuru mpaka siku aliyooneshwa ubaoni. Sisi tulikuwa na kalamu mfukoni.

Tuliamua kulipa. Kila mmoja katika sita alitoa 1,900, na daftari sasa huwekwa juu ya meza ya darasa, na yeyote aliyetoa hata shilingi kumi ana ruhusa ya kuifungua. Yule bibi huifungua kila Jumatatu, akifuatisha mistari kwa kidole. Mama wa mahamri sasa huuza kwa shilingi 15, naye amebakisha kidogo kumaliza deni la chama. Mwenzetu yule aliyekataa alilipa fungu lake kama sisi, na mpaka leo asema kwamba hakuwa akidaiwa.