Udongo Ukijibu "Hakuna"

Tangu dhahabu ionekane Kilo, hapa Ituri, mashariki mwa Kongo, mwaka 1903, udongo wa huku umeulizwa swali moja: una kiasi gani? Wabelgiji waliuliza kwa kazi ya shuruti. Wenye bunduki wakauliza walipogombania mji wa dhahabu wa Mongbwalu katika vita vya mwaka 1999 hadi 2003. Mchimbaji wa leo anauliza kwa chepe, karai na zebaki, kwa kuwa nyumbani watoto wanangoja kula.

Mbali na Ituri, katika jangwa la Utah, Marekani, wanafunzi wa vyuo vikuu hushindana kwa magari waliyoyaunda, na huuliza udongo swali jingine. Mashindano yao yalianza mwaka 2007 chini ya shirika la Mars Society. Kila timu huunda gari la kutembea kama vile liko kwenye sayari ya Mirihi, lisilozidi uzito wa kilo 50, na fedha za kuliunda zina kikomo. Waendeshaji hukaa mahali wasipoliona. Wanayoyajua ni yale tu ambayo kamera na vipimo vyake vinawaletea.

Gari hupewa kazi nne: kubeba mizigo kwenye miamba, kushughulikia mitambo kwa mkono wake, kujitafutia njia lenyewe, na kuchunguza udongo. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonifikirisha. Timu husimama mbele ya waamuzi na kueleza: mahali hapa pana uhai, palikuwa nao ukatoweka, au haupo kabisa? "Hakuna" ni jibu halali, mradi lina ushahidi.

Lakini kwa mchimbaji wa Ituri, aliye shimoni, "hakuna" ni njaa. Ni deni la yule aliyetoa posho na mafuta ya pampu. Kwa hiyo sithubutu kumcheka mchimbaji anayeapa kwamba mshipa wa dhahabu uko hatua mbili mbele. Mtu akiishi kwa tumaini moja, ukweli unaolivunja humgharimu sana. Mwanafunzi wa Utah anaweza kusema hakuona kitu, kisha akaenda kula. Unyofu wake ni wa kweli, lakini gharama yake imebebwa na watu wengine.

Ndiyo maana nikisikia vijana wa mji wetu wa Bunia wakitamani kuunda magari kama hayo ya Utah, sijali sana kama gari lao litafika Marekani. Motokari ndogo ya vyuma chakavu na mota za vifaa vilivyokufa inatosha kuanzia. Ninachotaka wajifunze ni kuuliza bila kuwa wameshaamua jibu, na kulitangaza jibu hata kama halimfurahishi aliyelipia betri.

Kazi ya kwanza iko hapa hapa. Zebaki ya machimboni huingia mitoni, samaki huihifadhi mwilini, nayo hudhuru ubongo wa mtoto aliye bado tumboni. Anayepima maji ya Djugu, huku Ituri, atahitaji ujasiri wa namna mbili: kusema "ipo" mbele ya wanaonufaika na dhahabu, na kusema "haipo" mbele ya waliokwisha kukasirika. Ujasiri huo hauji wenyewe. Wazazi, walimu na wakubwa wa mji tunaudai kwa vijana. Basi na sisi tuhakikishe kwamba anayeleta jibu la kweli halali njaa kwa sababu yake.