Jino Moja la Gia: Mwendo Huu ni wa Nani?

Wakati wa likizo ndefu baada ya mwaka wangu wa kwanza chuoni, kaka yangu aliniuliza swali la hesabu. Yeye ni mwendesha bodaboda. Steji yake iko Banda, kando ya barabara ya Jinja, chini ya kilima cha Kyambogo hapa Kampala. "Wewe uliyesoma," aliniambia, "nikitoa gia ya mbele yenye meno 14 nikaweka ya meno 15, pikipiki itaongeza mwendo kiasi gani?" Nilichukua kalamu, nikampa jibu kabla chai haijapoa. Nilifurahi kwamba elimu yangu imefaa nyumbani. Sikumwuliza mwendo huo ni wa nini, wala utamgharimu nani. Katika insha hii najaribu kuuliza nilichopaswa kuuliza siku ile: je, ni haki mtu kuongeza mwendo wa chombo kinachobeba watu wengine, bila kuwauliza watu hao?

Kwa wenzangu wasioijua pikipiki, nieleze kwa ufupi. Injini huzungusha gurudumu dogo la chuma lenye meno, ndilo wanaloliita gia ya mbele. Gia hiyo huvuta cheni, na cheni huzungusha gia kubwa iliyofungwa kwenye gurudumu la nyuma. Pikipiki ya kaka ilikuwa na meno 14 mbele na 42 nyuma. Maana yake, gia ndogo izunguke mara 3 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ukiweka meno 15 mbele, mizunguko 2.8 inatosha. Kwa hiyo injini ikizunguka vilevile, pikipiki itakwenda mbele zaidi kwa asilimia 7 hivi. Pale alipokuwa akipata kilomita 70 kwa saa, sasa angepata 75. Gia yenyewe haikuwa ghali na fundi aliifunga kwa nusu saa, akakaza cheni, akaosha mikono.

Nilichosahau kumwambia kaka ni jambo ambalo mwalimu wetu wa fizikia alilirudia mpaka tukachoka: mashine haiumbi nguvu. Injini ilikuwa ileile. Ulichopata katika mwendo umekitoa katika nguvu ya kuvuta, karibu kwa kiasi kilekile. Aliyewahi kupanda mlima kwa baiskeli analijua hilo kwa magoti yake hata kama hajawahi kuingia darasani. Gia inachofanya ni kuhamisha: inatoa hapa na kuweka pale. Nami naona hapo ndipo suala la kimaadili linapoanzia. Mtu akisema "nimeongeza mwendo", tumwulize: umeutoa wapi? Na huko ulikoutoa, kuna nani?

Lakini kwanza nimtendee kaka haki. Pikipiki si yake. Kila jioni humpelekea mwenye nayo shilingi 10,000, awe amepata abiria au hakupata. Baada ya hapo ndipo anunue mafuta, alishe watoto wake wawili, na mimi mdogo wake ninayesubiri ada. Steji yake ilianza na watu wachache, sasa imejaa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia haraka haraka haina baraka, atakuuliza kama baraka inalipa kodi ya nyumba. Tena lugha hiyohiyo tunayoisomea inasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Methali zetu hazikukubaliana, kwa hiyo hatuwezi kuzitupia kazi ya kufikiri. Ni lazima tuifanye wenyewe.

Tufungue basi daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Upande wa mapato kuna muda. Safari ya kilomita 10 kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa huchukua dakika 8 na sekunde 34. Kwa mwendo wa 75 huchukua dakika 8 kamili. Faida ni sekunde 34, nayo unaipata tu kama barabara ni tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Anayeijua barabara ya Jinja asubuhi atacheka. Na penye kibao cha 50 faida ni sifuri, kwa sababu pikipiki ilikuwa inafika 50 hata kwa gia ya zamani. Anayepata faida katikati ya mji ni yule tu aliyekwisha amua kuvunja sheria.

Upande wa matumizi una mistari mingi zaidi. Mwendo ukiongezeka kwa asilimia 7, nishati ya chombo kinachokwenda huongezeka kwa karibu asilimia 15, kwa sababu nishati hupanda kwa mraba wa mwendo. Breki hazikubadilishwa, ni zilezile. Nilipiga hesabu baadaye, nikichukulia lami kavu na breki nzima: kutoka 75 pikipiki inahitaji takriban mita 5 zaidi ili isimame kuliko kutoka 70. Mita 5 ni zaidi ya urefu wa gari dogo. Halafu kuna klachi, ambayo sasa inaumia kila anapoanza kupanda mlima, na klachi ni mali ya mwenye pikipiki, ambaye hakuambiwa. Na kuna abiria, ambaye analipa nauli ileile na kubeba hatari iliyoongezeka, naye pia hakuambiwa.

Wiki ya pili baada ya gia mpya, kaka alimbeba mama mmoja mtu mzima kutoka Bweyogerere. Alitusimulia jioni huku akicheka. Barabara ilikuwa imefunguka, naye akaiachia pikipiki. Mama yule akamgusa bega, akamwambia taratibu, "Mwanangu, mimi sina haraka." Kaka akapunguza. Alitusimulia kama kichekesho cha wazee, nasi tulicheka. Sasa naona kwamba mama yule alisema kwa maneno matatu kile ambacho mimi nahitaji kurasa kadhaa kukieleza. Kasi ilikuwa ya kaka, mwili uliokuwa hatarini ulikuwa wa mama. Alibebeshwa haraka isiyokuwa yake.

Wiki ya tano, mambo yakawa mengine. Kaka alikuwa anarudi steji jioni, bila abiria, kutoka upande wa Namanve. Mtoto wa kiume wa miaka kama kumi, amebeba jerikani la maji, akaingia barabarani. Kaka alikanyaga breki, pikipiki ikateleza, ikamfikia mtoto ikiwa karibu kusimama. Karibu. Mkono wa mtoto ulivunjika. Kaka alimpeleka kutibiwa, na gharama zilimmalizia mapato ya karibu mwezi mzima. Mkono umepona, tunamshukuru Mungu. Lakini mama wa mtoto alimwuliza kaka swali moja pale nje ya wodi: "Ulikuwa unawahi wapi?" Kaka hakuwa na jibu. Hakuwa anawahi popote. Alikuwa anaenda kukaa kwenye foleni ya steji.

Usiku ule nilipiga tena hesabu yangu ya mita 5. Je, kwa gia ya zamani angesimama kabla ya kumgusa mtoto? Hakuna anayeweza kuthibitisha. Huenda hata hakuwa amefikia 75. Kaka mwenyewe aliniambia, "Usijibebeshe, mdogo wangu. Mkono ulioshika usukani ni wangu." Ni maneno ya upendo, ila sikubaliani nayo kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Mwanafalsafa Thomas Nagel, katika makala yake ya mwaka 1976 kuhusu bahati na maadili, anatoa mfano wa dereva wa lori ambaye hakuzingatia kukagua breki zake. Asipotokea mtoto barabarani, dereva huyo ni mzembe kidogo tu na hakuna anayemkumbuka. Akitokea mtoto akagongwa, anabeba lawama ya kifo. Uzembe ni uleule. Kilichotofautiana ni bahati. Nagel anaona hapa kuna fumbo: tunasema mtu ahukumiwe kwa alichokidhibiti, lakini kwa kweli tunamhukumu hata kwa yale ambayo hakuyadhibiti.

Mimi nachukua somo moja tu kutoka mfano huo. Kama lawama yetu inasubiri mtoto atokee, basi tumechelewa kuanza kufikiri. Kosa, kama lipo, lilifanyika gereji, au niseme lilifanyika mezani penye chai. Siku ile tulichukua mita 5 za barabara ambazo zilikuwa za watu wengine: za mtoto mwenye jerikani, za mwanafunzi anayevuka kwenda Kyambogo, za muuza ndizi. Tulizichukua bila kujua majina yao. Wiki nne zilizopita bila ajali hazikuwa wiki za haki. Zilikuwa wiki za deni ambalo bado halijadaiwa. Ndiyo maana siwezi kumwachia kaka mzigo wote. Fundi alifunga, kaka aliendesha, lakini mimi nilikuwa mtu pekee pale mezani aliyejua hesabu yote, nikatoa nusu yake.

Wapo watakaonipinga kwa hoja ya uhuru. Watasema abiria wa bodaboda amepanda kwa hiari, anajua kwamba bodaboda zina hatari, na John Stuart Mill alikwisha tufundisha kwamba mtu mzima aachwe na maamuzi yake mradi asiwadhuru wengine. Hoja hii ina uzito, ila inaanguka mara mbili. Kwanza, mtoto mwenye jerikani hakupanda chochote. Pili, hiari bila habari ni hiari pungufu. Abiria aliyepanda alikubali pikipiki aliyoizoea. Napendekeza kipimo rahisi: je, mwendesha pikipiki angeweza kumwambia abiria kabla hajapanda, "Mama, nimebadilisha gia, sasa nakimbia zaidi na nachelewa kusimama, nauli ni ileile"? Kama kuyasema maneno hayo kungemfukuza abiria, basi kimya chake ni sehemu ya biashara, na biashara inayotegemea kimya cha namna hiyo si ya haki.

Wengine watasema mwendo huokoa maisha. Usiku wa manane, mjamzito akishikwa na uchungu na hakuna gari, ni bodaboda inayomfikisha hospitali. Ni kweli, na naheshimu sana kazi hiyo. Lakini turudi kwenye meno 15. Mjamzito huyo pengine ameketi na mama yake nyuma yake, na Kampala ni mji wa vilima. Uzito na mlima ndivyo hasa vinavyoishinda gia ya mwendo. Kwa hiyo gia hii humnufaisha kijana mwepesi kwenye lami tambarare, na humtupa yule mwenye shida kubwa zaidi. Hata kwa kipimo cha wanaotetea mwendo, tumetoa kwa mhitaji tukampa asiyehitaji.

Sisemi kwamba kugusa mashine ni dhambi. Mtu anayesafiri peke yake kwenye barabara ndefu ya tambarare anaweza kuweka meno 15 ili injini izunguke polepole, itulie, na ile mafuta kidogo. Huyo ametumia jino lilelile kununua utulivu, na gharama ya mlima anailipa mwenyewe. Jino halina maadili. Maadili yako katika swali la nani anapata na nani analipa, na kama anayelipa anajua.

Najua pia kwamba ni rahisi kwangu kuandika haya nikiwa maktaba. Nikimwambia kaka aendeshe polepole huku nikisubiri ada yake, namtaka alipe yeye gharama ya maadili yangu. Hapo ndipo hoja yangu inaponichoma mwenyewe. Mwenye pikipiki anadai 10,000 zake bila kujali siku ilikuwaje, abiria wanapigia kelele nauli, nasi ndugu tunatuma ujumbe kuuliza pesa zimefika wapi. Sote tunamsukuma kwa nyuma, kisha akigonga tunasema bodaboda ni watu wa fujo. Kama kasi ile ina wenyewe, basi wenyewe ni wengi, na wengi wetu hatujawahi kushika usukani.

Kaka alirudisha gia ya meno 14. Hakushawishiwa na falsafa yangu. Alikuwa na abiria mmoja na gunia la mkaa, pikipiki ikamgomea katikati ya kilima cha Kyambogo, abiria akashuka na kutembea bila kulipa. Alinipigia simu kunieleza, tukacheka wote wawili. Kisha nikamwambia hesabu yote, ile ya mita 5, ambayo nilikuwa sijamwambia. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Hiyo ndiyo ungeanza nayo."

Hilo ndilo jibu langu kwa swali la insha hii, na sina bora zaidi. Aliye na elimu ya kuhesabu faida ana wajibu wa kuhesabu na hasara, na kuitaja kwanza. Na muhula huu nilipopokea ada nilimwuliza kaka, kwa mara ya kwanza, aliipataje.