Picha Tatu Zisizo na Mwenyewe

Asubuhi ya Jumatano, kabla hajanywa hata chai, mchoraji mmoja wa Msasani, Dar es Salaam, alipokea ujumbe kwenye simu. Ulikuwa na nembo ya mtandao anaouzia picha zake, na maneno yake yalikuwa makali: umeshitakiwa kwa kukiuka hakimiliki, akaunti yako itafutwa ndani ya saa 24, kama unapinga bonyeza hapa. Akabonyeza. Ukurasa uliofunguka ulimtaka jina la akaunti na neno la siri, akaandika. Ukamtaka tarakimu sita zilizoingia kwenye simu muda huohuo, akaziandika pia. Chai ilipopoa, akaunti haikuwa yake tena.

Ninamfahamu tangu alipofika mjini, naye huniita kaka. Ameniruhusu niyaandike haya kwa sharti kwamba nisimtaje jina, maana bado ana deni la aibu kwa watu asiowajua. Ninayaandika kwa sababu kila wiki naona kijana mwingine mwenye kipaji, awe mchonga vinyago, msusi wa mikeka au fundi wa shanga, akijenga riziki yake yote mahali palepale na kwa namna ileile.

Alitoka Tunduru akiwa na miaka kumi na saba, akafikia kwa mjomba wake ambaye ni mchoraji wa tingatinga. Mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchora hata jicho la ndege. Aliosha brashi, akabana kanvasi kwenye fremu, akapaka rangi za nyuma za picha za wenzake, zile bluu na njano zinazofifia taratibu kuelekea chini. Mwaka wa pili akapewa majani. Wanyama walikuja baadaye. Hivyo ndivyo ufundi huu unavyorithishwa, na sina ugomvi nao hata kidogo.

Mwasisi wake, Edward Saidi Tingatinga, naye alitoka huko huko upande wa Tunduru. Alianza kuchora jijini mwaka 1968, kwa rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi vya mraba, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyopatikana kwa bei yake. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni walifika kununua mahitaji ya nyumbani. Alipeleka kazi mahali wanunuzi wanapopita. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu anayekimbia, akafariki. Alichora kwa miaka minne tu, lakini picha zake zinatambulika hadi leo, na chini ya picha hizo aliandika kwa brashi jina lake mwenyewe: E. S. Tingatinga. Wanafunzi wake nao, akina Simon Mpata na January Linda, waliandika majina yao. Tafadhali likumbuke hilo, maana tutalirudia.

Kijana wetu alipofungua akaunti, alifanya jambo la akili. Simu ndiyo Morogoro Stores ya zama hizi. Wanunuzi wanapita humo usiku na mchana. Mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege na maduka ya picha yakabaki na mende, yeye aliendelea kula. Alikuwa amejifunza kupiga picha kazi zake asubuhi, jua likiwa bado laini, na kujirekodi akivuta mistari ya punda milia kwa mkono mmoja bila kuinua brashi. Watu walipenda. Wafuasi wakapita elfu thelathini. Oda zikaja kutoka Ujerumani, Denmark, Marekani. Alikunja kanvasi, akaitia ndani ya kipande cha bomba la plastiki alichonunua duka la vifaa vya ujenzi, akaziba ncha mbili na kwenda Posta. Kodi ya nyumba ililipwa, watoto wakapelekwa shule. Anayewaambia mafundi waikimbie intaneti hawatakii mema.

Kosa lilianza mahali padogo sana, kwenye kona ya chini ya picha.

Mtu mmoja alimshauri aache kuandika jina lake kwenye kazi, aandike jina la akaunti, ili yeyote atakayeiona picha ukutani kwa jirani amtafute moja kwa moja. Ushauri ukamwingia. Kuanzia siku hiyo kila picha ilitoka na jina lile la kubuni, na kile kialama cha @ mbele yake, kwa rangi nyeupe. Mjomba wake alipoiona ya kwanza alivaa miwani, akainama.

"Hili jina la nani?"

"Langu, mjomba. La mtandaoni."

"La kwako umepewa na mama yako. Hili amekupa nani?"

Kijana alicheka. Mzee hakucheka, wala hakulirudia tena.

Sasa rudi kwenye Jumatano ile. Ndani ya saa moja wezi walikuwa wamebadilisha namba ya simu na barua pepe ya akaunti. Barua pepe yake ya zamani, ambayo ingeweza kumsaidia kuirudisha, alifunguliwa na kijana wa steshenari miaka mingi nyuma. Neno lake la siri halikukumbukwa na yeyote. Alijaza fomu za malalamiko, akatuma picha ya uso wake kama alivyotakiwa, akasubiri. Majibu yaliyokuja yalikuwa yale yale ya mashine.

Wezi hawakufuta kitu. Picha ziliachwa zote mahali pake, kwa sababu uaminifu wa miaka ndio waliouiba, na uaminifu huo ulikuwa ndani ya picha zile. Siku ya pili walitangaza kwamba mchoraji amegundua uwekezaji unaozalisha pesa maradufu kwa siku tatu. Siku ya nne wakaanza kuwaandikia wanunuzi wake mmoja mmoja, kwa lugha ya upole kama yake, wakiomba arbuni ya picha mpya. Baadhi walituma. Naye alikuwa anatazama yote hayo kwenye simu ya mke wake, hana namna ya kuwaonya, kwa sababu hakuwa na namba ya simu ya hata mteja mmoja wa ng'ambo. Kila alichokubaliana nao kilikuwa kwenye ujumbe wa ndani ya akaunti: majina, anwani, bei, nani kalipa nusu, nani kamaliza.

Na kumbuka picha zake zilikuwa zinaning'inia Hamburg na Copenhagen, kila moja ikimwelekeza mtazamaji, kwa rangi isiyofutika, kwenda kwa mwizi.

Nilimtembelea wiki iliyofuata. Kwenye ukuta wa banda kulikuwa na picha tatu zilizokamilika: kanga kumi na mbili juu ya bluu, soko la samaki la Feri, na mbuyu uliojaa tumbili. Zote zilikuwa oda. Zote zilikuwa zimelipiwa arbuni.

"Za nani hizi?" nikamuuliza.

Akazitazama muda mrefu. "Kaka, sijui."

Nimeona mafundi wakiibiwa vifaa, wakinyimwa malipo, wakidanganywa na madalali. Sijawahi kuona kitu kilichoniuma kama mtu mwaminifu anayetaka kulipa deni lake na hajui anadaiwa na nani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mangi wa mtaani, mwenye kibanda cha mbao kisichozidi hatua nne, anajua nani anadaiwa unga na tangu lini, kwa sababu ameandika. Mama wa Kariakoo anayekopesha khanga ameandika. Huyu aliyeuza mpaka Ulaya hakuwa na karatasi. Nami naumia kwa sababu nimehudhuria semina za wasanii ambako tunafundishwa saa ya kuposti, aina ya muziki wa kuweka kwenye video na namna ya kuongeza wafuasi, na sijasikia mkufunzi akisema: leteni daftari. Mfuasi ni mpita njia aliyegeuza shingo. Mteja ni yule unayeweza kumpigia simu siku duka limeungua.

Basi daftari lenyewe si jambo kubwa. Ni la shilingi elfu chache, lile la jalada gumu. Kila oda inapata mstari wake: jina kamili la mteja, simu, barua pepe, anwani, kazi aliyoagiza na vipimo vyake, bei, arbuni aliyotoa na tarehe, siku uliyoahidi, siku uliyotuma. Mteja akikuandikia mtandaoni, mazungumzo yakifika kwenye pesa, mwombe barua pepe na simu. Hakuna mnunuzi wa kweli atakayekukatalia, maana hata Posta watazihitaji. Mara mbili kwa mwaka wapelekee wote barua fupi yenye picha za kazi mpya. Hapo hutegemei mtandao ukuonyeshe kwa nani na ukufiche kwa nani. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa saa kama sita, na siku hiyo wauzaji wengi walikaa mikono mitupu wakisubiri. Mwenye daftari angeweza kupiga simu.

Shemeji, mke wa mchoraji, ndiye aliyetuokoa, kwa kiasi alichoweza. Ana tabia ya kutotupa karatasi yenye mhuri. Alileta kopo la maziwa ya unga limejaa risiti za Posta na nakala za fomu za EMS, wino umefifia lakini unasomeka. Tukakaa mkekani jioni nzima, yeye akisoma, mimi nikiandika, mumewe akijaribu kukumbuka ni picha gani ilikwenda wapi. Tulipata wateja kumi na tisa wa zamani, wengi wakiwa na namba za simu. Tukawaandikia kila mmoja kwa jina: akaunti imeibwa, usitume pesa, anayekuandikia si mimi. Watatu walikuwa tayari wametuma. Mmoja wao alijibu kwa maneno makali, na alikuwa na haki.

Kulikuwa na jeraha jingine, la zamani kidogo. Miezi kadhaa kabla ya wizi, mtu aliyejitambulisha kuwa mpenzi wa sanaa aliomba atumiwe picha safi, kubwa, ya mchoro wa kanga, "nione vizuri." Akatumiwa, tena kama faili lisilopungua ubora. Baadaye mteja akamwandikia kumpongeza kwamba ameona kanga wake juu ya mito ya makochi katika duka moja huko Ulaya. Alipomwandikia mwenye duka, aliulizwa: una ushahidi gani kwamba ni wako, na uliuchora lini? Ushahidi ulikuwepo, tarehe na yote, lakini ulikuwa kwenye akaunti, na kufikia wakati huo akaunti ilikuwa kwa wezi.

Sheria ilikuwa upande wake. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, kazi ya sanaa inalindwa tangu inapoumbwa, bila kusubiri cheti, maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hakukupi hakimiliki ambayo huna; kunakupa karatasi yenye tarehe ya kuweka mezani pale mtu anapobisha. Kwa Kenya ofisi hiyo ni KECOBO. Kwa hiyo sajili ile michoro inayokulisha. Piga picha kazi ikiwa nusu, na ikiwa kamili, uzihifadhi nje ya simu. Mtandaoni weka picha ndogo, inayotosha kutamanisha na isiyotosha kuchapwa kwenye kitambaa.

Na kuhusu akaunti yenyewe: weka uthibitisho wa hatua mbili leo, si kesho, na zile namba za akiba unazopewa ziandike kwenye daftari. Tarakimu zinazoingia kwenye simu yako usimpe mtu wala usiziandike kwenye ukurasa uliofunguliwa na linki ya kutumiwa, hata ikija na nembo ya nani. Ujumbe ukikutisha na kukuharakisha kwa pamoja, uweke simu chini kwanza, kisha ingia kwenye akaunti kwa njia uliyoizoea uangalie kama kuna shitaka lolote. Hakikisha barua pepe iliyosajiliwa ni yako, na kwamba unaweza kuifungua.

Amefungua akaunti nyingine. Ina watu mia nne na kidogo, na daftari lina majina thelathini na moja. Kona ya chini ya kila picha sasa ina jina alilopewa na mama yake, herufi za kuchapa, kama mjomba anavyoandika. Mwenye picha ya soko la Feri alipatikana kwenye kopo la shemeji. Mwenye mbuyu alipatikana kwenye ujumbe wa zamani wa M-Pesa; ni mtu wa Arusha, na picha yake ilisafiri kwa basi.

Ile ya kanga bado iko ukutani. Arbuni yake ilikwishaliwa, rangi imekauka tangu mwaka jana, na mwenyewe hajulikani.