Nani Aliyeuanzisha Mji?

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii tulifundishwa tukiwa wadogo, nasi tukaikubali bila kuiuliza chochote. Hivi karibuni nilijikuta nikiitilia shaka, si darasani wala msikitini, bali nikiwa nimekaa chini ya mti katika bustani ya Nyumba ya Kandt, mjini Kigali.

Kutoka kwetu Nyamirambo hadi bustani hiyo si mbali kwa mtu aliyezoea vilima. Unafuata barabara kuu, unapita Biryogo, unafika katikati ya mji penye benki na maduka makubwa, kisha unateremka kidogo upande wa pili. Hapo ipo nyumba ya zamani ya Wajerumani ambayo leo ni makumbusho. Kwa miaka kadhaa yalikuwa makumbusho ya viumbe na madini. Tangu Desemba 2017 yanaeleza maisha ya Wanyarwanda kabla ya ukoloni, utawala wa Wajerumani, na jinsi mji wa Kigali ulivyokua. Nje kuna bustani, na ukisimama hapo unaona mabonde na vilima vilevile alivyoviona mwenye nyumba zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Tulikwenda pale wanafunzi wanne. Tulipokuwa tumepumzika bustanini, mwenzetu mmoja alianza kutupa maswali ya chemshabongo. "Nani aliyeuanzisha mji wa Kigali?" Tukajibu kwa sauti moja, "Richard Kandt, mwaka 1907!" Kwa mtihani, jibu hilo linatosha. Lakini jioni nilipomsimulia bibi yangu, alicheka, kisha akaniuliza: "Alikuja peke yake, mjukuu wangu? Na mizigo yake ilibebwa na nani?"

Swali la bibi ndilo lililonifanya niandike insha hii. Kuanzisha mji ni nini hasa? Na sisi tuliozaliwa katika mji uliotokana na ukoloni tunarithi nini kutoka kwa waanzilishi wake: sifa, lawama, au kitu kingine?

Kwanza nimtendee haki Kandt mwenyewe, kwa sababu hoja inayoanza kwa kumdhulumu mtu haiwezi kufika mbali. Alizaliwa mwaka 1867 huko Posen, katika familia ya Kiyahudi iliyoitwa Kantorowicz, na baadaye akabadilisha jina lake. Alikuwa daktari. Alifika Rwanda mwaka 1898 akitafuta chanzo cha mto Nile, akaishi karibu na Ziwa Kivu, akaandika kitabu kiitwacho Caput Nili kilichotoka mwaka 1904. Hakuwa mtu wa kupita. Aliitazama nchi hii kwa makini na kwa miaka mingi. Mwaka 1907 serikali ya Ujerumani ilimfanya Residenti, yaani mwakilishi wake mkuu katika ufalme wa Mwami Yuhi Musinga, naye akajenga kituo chake juu ya kilima cha Nyarugenge. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza alikuwa kwao Ujerumani, na hakurudi tena. Alifariki huko mwaka 1918.

Basi, je, mtu huyu ndiye aliyeuanzisha mji? Wanaosema ndiyo wana hoja. Kabla yake hapakuwa na mji kwenye kilima kile, na baada yake ukawapo. Lakini kilima hakikuwa bila watu wala bila jina. Hata neno Kigali ni jina la mlima ulio karibu, na lilikuwapo kabla Mjerumani yeyote hajaliandika kwenye ramani. Tena kituo cha serikali hakiwi mji kwa sababu mtu mmoja amekaa humo na bendera yake. Kinakuwa mji pale watu wanapokuja kuuza na kununua, kupika, kuoa, kuswali na kuzikana. Ukilipima jambo hili hivyo, Kandt alianzisha ofisi. Mji ulianzishwa na wengi.

Na miongoni mwa hao wengi walikuwamo wazee wetu. Pamoja na Wajerumani walikuja askari na makarani kutoka pwani na Tanganyika, na wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wahindi. Walikuja na Kiswahili, na wengi wao walikuja na Uislamu. Mwaka 1913 msikiti wa Al-Fatah ulijengwa, na mpaka leo unajulikana kuwa msikiti wa kwanza wa Kigali. Wabelgiji waliichukua nchi mwaka 1916, nao hawakuwapenda watu hawa. Waliwatenga katika makazi yao yaliyoitwa Camp Swahili, ambako mtu hakuwa huru kuingia na kutoka apendavyo. Elimu ilikuwa mikononi mwa misheni za Kikristo, kwa hiyo mtoto wa Kiislamu alikuwa mbali na shule, na aliye mbali na shule alikuwa mbali na kazi ya serikali. Hata baada ya uhuru wa mwaka 1962 dharau ilibaki. Katika Kinyarwanda cha mitaani, kumwita mtu "umuswahili" kulikuwa, na wakati mwingine bado ni, kumwambia kwamba ni mjanja asiyeaminika.

Nikiwa bustanini niliyafikiria hayo yote, nikajaa hasira tamu, ile hasira ya mtu anayejua kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa. Nilitaka kuandika kwamba jina la mwanzilishi lifutwe, liwekwe la Waswahili. Wahenga hawakusema pia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe"? Kandt hakushika jembe. Jembe lilishikwa na wengine, naye akapewa sifa.

Lakini swali la bibi lilikuwa na makali ya pande mbili, na upande wa pili ulinikata mimi. Mizigo ya msafara ilibebwa na nani? Ilibebwa na wapagazi waliotoka mbali, lakini ilibebwa pia na wakulima wa vilima hivi hivi, walioitwa na kuamriwa. Na aliyesimama nyuma yao na bunduki alikuwa nani? Mara nyingi alikuwa askari Mwafrika. Amri alizitoa kwa lugha gani? Kwa Kiswahili, kwani ndicho Wajerumani walichokitumia katika utawala wao wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo kuna mkulima wa Rwanda ambaye Kiswahili cha kwanza kukisikia maishani mwake kilikuwa amri, pengine ikifuatana na kiboko. Lugha hii ninayoipenda, ninayoiandikia insha, haikuja hapa kama wimbo tu.

Sasa nifanyeje? Nikidai sehemu ya sifa ya kuanzisha mji kwa sababu wazee wetu walikuwapo, nitakataaje sehemu ya yale mabaya, na walikuwapo pia siku hiyo? Mtu hawezi kuhudhuria harusi na kukana kwamba alikuwapo ugomvi ulipotokea uani.

Rafiki yangu mmoja, tulipolijadili jambo hili Biryogo kwenye ule mtaa usiopita magari, huku tukinywa chai ya maziwa, alinipinga vikali. "Wewe ulizaliwa juzi," aliniambia. "Hukumchapa mtu. Kosa halirithiwi. Kila nafsi itabeba mzigo wake." Alisema kweli, na nilikaa kimya kwa muda. Kumlaumu mjukuu kwa kosa la babu ni dhuluma, na sisi Wanyarwanda tunajua kuliko watu wengi mahali ambapo dhuluma ya namna hiyo huishia.

Hata hivyo, nadhani kati ya lawama na usafi kuna kitu cha tatu, na jina lake tunalijua vizuri nyumbani. Ni deni. Katika mirathi ya Kiislamu, mtu akifariki, mali yake haigawanywi mara moja. Kwanza hulipwa gharama za mazishi, kisha madeni yake, kisha wasia wake ndani ya mipaka yake, na kinachobaki ndicho warithi wanachogawana. Mrithi hakukopa yeye. Hakuna anayemwita mkosaji. Akiwa hakuachiwa chochote, hadaiwi kulipa kwa mali yake mwenyewe. Lakini akitaka mali iliyoachwa, hawezi kuruka deni lililomo ndani yake. Hakuna kurithi kabla ya kulipa.

Naona kanuni hii inafaa hata kwa historia. Anayesema, "Mimi sina uhusiano wowote na mambo ya zamani," aonyeshe kwanza kwamba hakuchukua chochote kutoka huko. Mimi siwezi kusema hivyo. Nimechukua lugha. Nimechukua mtaa ulio karibu na mji, mtaa wenye misikiti, maduka na watu wanaokesha. Mwaka 2017, mwaka uleule makumbusho ya Kandt yalipofunguliwa, Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Tulifurahi sana, na ilikuwa haki kufurahi. Lakini huo ndio urithi wenyewe, na deni limo ndani yake.

Linalipwaje? Sidhani linalipwa kwa kubomoa nyumba wala kung'oa miti. Nyumba ikibomolewa, swali la bibi litaulizwa wapi? Linalipwa kwanza kwa kusimulia hesabu yote, yaani aliyetoa amri, aliyeitafsiri, aliyebeba mzigo, na aliyefungiwa kambini baadaye. Na wakati mwingine watu wawili kati ya hao walikuwa ukoo mmoja.

Pili, linalipwa mlangoni. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wapo Waislamu wengi wa mitaa hii waliowaficha watu waliokuwa wakiwindwa, hata wasiowajua. Wapo pia waliouawa, na wapo walioua, maana hakuna mtaa wa malaika. Lakini waliofungua milango hawakuuliza kwanza ni nani aliyewaita wazee wao wajanja, wala nani aliyewafungia kambini. Mtu alibisha hodi, wakafungua. Sijui malipo ya deni yaliyo makubwa kuliko hayo.

Deni langu ni dogo zaidi, na naliona haya kulitaja. Mwaka jana alikuja darasani kwetu mwanafunzi kutoka kijijini. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, akichanganya "r" na "l" kama wanavyofanya wengi ambao lugha yao ya kwanza ni Kinyarwanda. Tulimcheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote, kwa sababu nilizaliwa Nyamirambo na nilijiona mwenye lugha. Yule kijana aliacha kunyoosha mkono darasani. Siku ile bustanini, nilipomfikiria mkulima anayepokea amri kwa lugha asiyoielewa, sura iliyonijia haikuwa ya mtu wa mwaka 1907. Ilikuwa ya mwenzangu wa darasani. Kicheko changu kilitoka palepale ilipotoka ile amri, yaani katika imani kwamba anayekijua Kiswahili yuko juu ya asiyekijua.

Juma lililofuata nilimwomba radhi. Alishangaa, kwa kuwa alifikiri nimesahau. Nikamwalika tusome pamoja, yeye anisahihishe Kinyarwanda changu, ambacho kusema kweli ni kibovu kuliko Kiswahili chake. Sikusema neno lolote kuhusu Kandt. Angenishangaa zaidi.

Narudi kwenye methali yangu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" haikusema kwamba kila mgeni huponya. Imetamka sharti, kwamba mgeni mwema ni yule ambaye kuja kwake kunamfanya mwenyeji awe na hali bora kuliko jana. Kwa kipimo hicho, Kandt apimwe, askari apimwe, nasi tupimwe. Sisi wa Nyamirambo tumekuwa wageni kwa muda mrefu mpaka tumekuwa wenyeji, na sasa wengine wanakuja kwetu kila siku kutoka vijijini, kutoka Kongo, kutoka Burundi.

Nikiulizwa tena ni nani aliyeuanzisha mji wa Kigali, kwenye mtihani nitaandika jina la Kandt na mwaka 1907, kwa kuwa sitaki kupoteza alama. Lakini nikiulizwa na mdogo wangu, nitamjibu kama bibi alivyonijibu, kwa kumuuliza nani alibeba mizigo. Kisha nitamwambia kwamba mji haujamaliza kuanzishwa, na kwamba mlango wetu nao umo kwenye hesabu.