Jirani wa Chini ya Ardhi

Tulipokuwa vijana Kinampanda tulimwua chatu kando ya chemchemi. Hakuwa amemdhuru mtu wala mbuzi. Mzee mmoja aliyekuwa akipita alituuliza, "Wajukuu zangu, mmemwomba nani ruhusa?" Tulicheka, maana tulikuwa watu wa elimu.

Swali lile lilinirudia niliposoma habari za naga, nyoka watukufu wa masimulizi ya Wahindu na Wabuddha. Sisi tukitaja kuzimu huwaza giza. Patala, makao ya naga chini ya ardhi, ni nchi ya vito na majumba. Bhogavati ni mji wa Vasuki, mfalme wao. Vishnu Purana husimulia kuwa Narada alirejea kutoka Patala akiisifu kuwa nzuri kuliko mbinguni. Basi naga wana miji, wake na watoto, na mwenye hayo aweza kudhulumiwa. Katika Mahabharata, Arjuna na Krishna waliuteketeza msitu wa Khandava, alimoishi naga Takshaka. Yeye hakuwapo, mkewe aliuawa. Baadaye Takshaka alimwua Parikshit, mjukuu wa Arjuna, na mwana wa Parikshit akawasha moto wa kafara ili nyoka wote waangamie. Aliyeuzima alikuwa Astika, ambaye mama yake alikuwa naga: mtu mwenye udugu na pande zote mbili. Wabuddha nao humtaja Mucalinda, naga aliyemkinga Buddha na mvua kwa siku saba.

Ni ngano, msomaji atasema. Naam. Lakini mwaka 1987 huko Nyakach, magharibi ya Kenya, chatu aliyeitwa Omieri, ambaye Waluo wengi walimheshimu kama mleta mvua na mavuno, aliunguzwa na moto. Alipelekwa Nairobi kutibiwa, akafa, na watu wakamlilia.

Je, heshima iliyosimama juu ya imani isiyo kweli ni heshima ya bure? Zamani ningalijibu ndiyo upesi. Mwalimu amwambiaye mtoto kuwa chini ya chemchemi hakuna mji asema kweli. Akikoma hapo, mtoto hujifunza na jambo asilofundishwa, kwamba chemchemi haina mwenyewe ila yeye. Chatu hahitaji taji la vito ndipo fimbo imwume. Na yule mzee, nikikumbuka vema, hakutaja mji wala mfalme. Aliuliza habari ya ruhusa tu.

Tulimburura chatu hadi njiani, tukamwacha hapo ili wapitao wamwone.