Watoto Wachanjwa, Wazazi Je?

Katika nchi yetu mama hahitaji kusukumwa ili ampeleke mtoto wake kuchanjwa. Mpango wa chanjo za watoto ulianza Tanzania mwaka 1975, na leo kadi ya kliniki yahifadhiwa sandukuni pamoja na cheti cha ubatizo. Lakini mwambie baba wa nyumba hiyo hiyo kwamba yeye naye yampasa kuchanjwa, nawe utasikia maneno mengine. Ana kazi shambani. Yeye ni mzima. Amesikia kwamba dawa hiyo humaliza nguvu za mwanamume. Atakwenda wiki ijayo.

Tusimcheke upesi, wala tusimwite mjinga. Mwezi Oktoba 1977, katika mji wa Merka, pwani ya Somalia, kijana wa miaka 23 aitwaye Ali Maow Maalin alishikwa na ndui. Alikuwa mpishi wa hospitali, tena alipata kufanya kazi pamoja na watu waliokuwa wakichanja ndui. Basi hakukosa habari, na dawa ilikuwa mlangoni pake. Hata hivyo mwenyewe hakuwa na kinga, na baadaye alieleza sababu pasipo kuficha: aliogopa, maana aliona sindano inauma. Siku moja alipanda gari lililochukua watoto wawili wagonjwa, ili amwonyeshe dereva njia. Safari ilikuwa ya dakika chache tu, nayo ikatosha kumwambukiza. Ikawabidi wakuu wa afya wachanje watu zaidi ya 54,000 katika muda wa wiki mbili hivi ili ugonjwa usienee. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyeambukizwa naye. Yeye akapona, akawa mtu wa mwisho ulimwenguni kupata ndui kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui imekwisha duniani. Miaka mingi baadaye alizunguka Somalia akiwasihi wazazi wawapatie watoto wao chanjo ya kupooza, huku akiwasimulia woga wake mwenyewe. Alifariki kwa malaria mwezi Julai 2013, angali katika kazi hiyo.

Watu 54,000 kwa ajili ya woga wa mkono mmoja! Tena mkono wa mtu aliyelala na kuamka hospitalini.

Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, lafundisha kwamba elimu peke yake haitoshi kumfanya mtu achanjwe. Yako anayoyafikiri na kuyahisi moyoni. Wako watu wanaomzunguka. Iko nia yake. Halafu yako mambo ya njia, nafasi na gharama. Twaona kwamba hili la mwisho hudharauliwa mno na wahubiri wa afya. Mtoto ana siku yake ya kliniki, ana kadi, ana mama wa kumbeba. Mtu mzima hana siku, wala hana wa kumbeba. Chanjo ya homa ya ini ya aina ya B kwa watu wazima kwa kawaida huwa sindano tatu: ya pili hufuata baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Nani atamkumbusha dereva wa lori siku ya tatu? Na kibarua alipwaye kwa siku, akipanga mstari tangu asubuhi, watoto wake watakula nini jioni? Anayemwita mtu huyu mzembe na afikiri tena.

Nguvu ya neno la wakubwa tumeiona wenyewe. Mwezi Januari 2021 taifa zima lilisikia kutoka kwa mkuu wa nchi kwamba chanjo za UVIKO-19 hazifai kuaminiwa. Mwezi Machi Katibu wa Baraza la Maaskofu, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba katika muda wa miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamefariki, majira ambayo maradhi ya kupumua yalitusumbua sana. Tarehe 28 Julai mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani mbele ya taifa. Dozi zaidi ya milioni moja zilikuwa zimekwisha kuwasili, lakini watu wengi hawakuzikimbilia. Shaka iliyopandwa kwa miezi mingi haing'olewi kwa tangazo la asubuhi moja.

Twakumbuka habari za Naamani, jemadari wa Shamu, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme. Alikuwa na ukoma, na nabii Elisha akamwagiza jambo dogo mno: akaoge mara saba katika Yordani. Naamani akaghadhibika, kwa kuwa nabii hakutoka kumlaki, na kwa kuwa mito ya kwao ilikuwa mizuri zaidi. Karibu arudi na ukoma wake. Ni nani aliyemgeuza? Mfalme hakuwapo, wala nabii hakutoka nje mara ya pili. Watumishi wake walimkaribia, wakamwita baba, wakamsihi kwa upole afikiri tena. Yule jemadari akatelemka mtoni.

Kanisa nalo halimwburuti mtu kwa kamba. Tarehe 21 Desemba 2020 idara ya Vatikano inayolinda mafundisho ya imani ilieleza kwamba chanjo za UVIKO-19 zaruhusiwa kimaadili, na kwamba kuchanjwa kwapaswa kuwa kwa hiari. Ila ilikumbusha kwamba anayekataa kwa ajili ya dhamiri yake ana wajibu wa kujitahidi kwa njia nyingine asiwaambukize wengine, hasa wanyonge. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, mwezi Agosti 2021, aliita kuchanjwa tendo la upendo.

Basi kazi ya wale watumishi ni yetu katika nyumba na jumuiya zetu ndogo ndogo. Mwenyekiti wa jumuiya na aulize zahanati siku ya chanjo za watu wazima, aitangaze Jumapili, na majirani waende pamoja. Mama mjamzito ambaye hajakamilisha chanjo ya pepopunda asiachwe aende peke yake, mumewe amsindikize. Baba akiogopa sindano, mkewe akae karibu naye, wala asimwaibishe mbele ya watoto. Naye mwuguzi akiulizwa juu ya maumivu, aseme kweli yote: kwamba mkono waweza kuuma siku moja au mbili, na pengine homa kidogo ikamjia mtu, ili ikimpata usiku asije akadhani ametiwa sumu.