Mgeni wa Mchana Mmoja

Meli ya kitalii inapofunga gati Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, abiria anayetamani kuogelea na kasa huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kununua tiketi humo humo melini: atahesabiwa, atapandishwa basi, atapakiwa katika boti kubwa pamoja na wenzake, na endapo msafara utachelewa kurejea, meli itamngoja. Ya pili ni kushuka mwenyewe, kupanda teksi hadi ghuba ya Carlisle, kukodi miwani ya kuzamia na bomba la kupumulia, na kupatana na nahodha wa boti ndogo pale pale mchangani. Huyu wa pili hangojwi na mtu. Akikawia, ataiona meli yake kwa mgongo.

Aghalabu anayechagua njia ya pili hujiona ametenda lililo bora, na si kwa kujisifu bure. Tiketi ya melini hukatwa fungu la mwenye meli kabla ya senti moja kugusa kisiwa. Noti anayopewa nahodha mkononi hulala Barbados. Tena anayepatana mwenyewe humtazama mwenzake usoni, akajua jina lake, akamuuliza habari za upepo. Yote hayo ni kheri. Walakini wema wa mkataba hautimii kwa kujua nani kalipwa. Sharti pia kujua kalipwa kwa ajili ya nini, na hapo ndipo jambo linapoingia kiza.

Swali la kwanza ambalo mgeni humuuliza nahodha si la bei. Humuuliza: "Tutawaona kweli?" Ni swali la haki kwa mtu mwenye mchana mmoja tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakumfikiria mgeni ambaye jioni ya siku ile ile atakuwa ameshang'oa nanga. Mgeni wa namna hiyo hana kesho ya kurudia, na kwa hiyo hutaka hakika. Nahodha naye hana hakika ya kuuza, maana kasa si ng'ombe wa zizini. Basi huitengeneza. Huchukua vipande vya samaki, akavitia majini mahali pale pale, siku hadi siku, hata kasa wakajifunza kwamba mngurumo wa mashine ni mwito wa chakula.

Kasa mzima kwa maumbile yake ni mla majani ya bahari na mwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu kasa wa Barbados wanaoogelewa na watalii ulionyesha kwamba hata damu yao ilibeba alama ya chakula kisicho chao. Isitoshe, mnyama aliyefundishwa kuifuata boti hufundishwa pia kuisogelea rafadha. Wala hakuna katika mlolongo huo mtu mmoja wa kunyooshewa kidole na kuitwa dhalimu. Mgeni aliuliza tu. Nahodha alijibu tu. Kasa alikula tu.

Zamani mambo yalikuwa wazi zaidi, ingawa yalikuwa makali. Christopher Columbus alipopita mwaka 1503 karibu na visiwa ambavyo leo huitwa Cayman, aliwaona kasa wengi kiasi cha kuvipa visiwa jina lao, Las Tortugas. Mabaharia waliomfuata katika karne zilizokuja waliwapakia kasa melini wakiwa hai, wamelazwa chali, wawe nyama mbichi ya safari ndefu. Na huko London mchuzi wa kasa ukawa chakula cha mabwana. Wenyeji wa Cuba walikuwa na ufundi ambao msomaji wa pwani hii hatahitaji kuelezwa sana: kumfunga kamba samaki chazo, yule anayenata, na kumwachia amshike kasa. Ufundi huo huo umefanywa na wavuvi wa Unguja na wa visiwa vya Lamu, bila ya mmoja kumfundisha mwingine. Na magamba ya ng'amba yalikuwa bidhaa ya mwambao wetu tangu enzi za Rhapta, kama kilivyoandika kile kitabu cha Kigiriki cha mabaharia, yapata miaka elfu mbili iliyopita.

Aliyemla kasa alijua kwamba amemla. Mtalii wa leo husema hachukui kitu. Anatazama tu, akaenda zake. Je, kutazama ni kuchukua? Mtu anayeelea kimya, mikono kifuani, akamwona kasa akipanda kuvuta pumzi na kushuka tena kwenye majani yake, hajapunguza chochote ulimwenguni. Kosa haliko machoni. Liko katika kudai kwamba macho lazima yapate. Hakika ile ndiyo inayolipiwa, na hakika ile haipatikani bila ya kuubadilisha mwenendo wa kiumbe aliyekuwa huru kutokutokea.

Yamkini atasema mtu: kasa huja kwa hiari, hakuna aliyemfunga. Ni kweli haburutwi. Lakini tuna msemo mwingine pwani: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ghuba ile kasa ndiye mwenyeji. Mgeni anayeingia nyumba ya watu na mkoba wa chakula, akawalisha wenye nyumba mpaka wakaacha kupika, kisha akaondoka jioni akijiita mkarimu, amemponya nani? Hiari inayozaliwa na mazoea ya namna hiyo ni hiari, lakini ina mkono wa mtu ndani yake.

Hoja nzito zaidi ni ya nahodha, nayo haifai kupitwa mbio. Barbados ilipiga marufuku uwindaji wa kasa mwaka 1998, na watu wa bahari wakatakiwa waiache riziki moja na kutafuta nyingine. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kikazipiga boti za wavuvi wa kisiwa hicho, nyingi zikazama au kuvunjika. Leo aje mtu mwenye shahada, tumbo lake limeshiba, amwambie nahodha: usiwinde, na wala usilishe. Nahodha ana haki ya kuuliza ataruhusiwa nini. Kumtwisha yeye peke yake mzigo wa adabu ya bahari ni uonevu, hata kama mzigo wenyewe ni wa kweli.

Hapo ndipo yule aliyeshuka mwenyewe ana jambo ambalo mwenye tiketi ya melini hana. Tiketi imeshachapishwa, ahadi imeshatolewa na watu walioko ofisini nchi nyingine. Mchangani, maneno bado hayajafungwa. Mgeni anaweza kusema: nahodha, chukua fedha yako kamili sasa hivi, usitie chambo, na tusipomwona kasa sitakudai kitu. Hapo hupatana juu ya sharti, siyo juu ya bei pekee. Kwa maneno hayo machache amenunua safari ya baharini na amemwacha kasa nje ya biashara. Ni maneno mepesi kuyaandika. Kuyasema kwa mtu aliyevuka bahari kwa ajili ya kasa tu, na watoto wake wanamtazama, ni kazi nyingine.

Wala asijifiche mtu nyuma ya hesabu. Oktoba 2025 shirika la IUCN lilimwondoa kasa wa kijani katika daraja la walio hatarini kutoweka, baada ya miongo ya ulinzi wa fukwe na mayai. Ng'amba bado yumo katika hatari kubwa. Habari hiyo ni ya furaha, nayo inalivua swali nguo: kama kasa hafi kwa kulishwa, ubaya uko wapi? Kama ubaya upo, basi haukuwa wa idadi tangu mwanzo. Ulikuwa wa heshima, na heshima haina mizani ya wataalamu. Watu wa Nungwi, ambako wageni huingia madimbwini na kuwapa kasa mwani kwa mkono, wanalijua swali hili kwa sura yake nyingine, maana pale ada ya mgeni inasemwa kuwa ndiyo inayowatunza.

Katika ghuba ya Carlisle, jibu la kweli kwa "Tutawaona?" ni "labda". Nahodha anayelitamka asubuhi, meli tatu zikiwa gatini, hukaa na boti tupu. Aliye jirani yake amesema "ndiyo", na abiria wake wameshaanza kuvaa mapezi.